Pale Maji Mawili Yanapogusana

Uvira, mtaa wa Mulongwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea mikono yangu miwili ndani ya karatasi hii, maana miguu haikuweza kuileta. Vipi hali yako? Lile goti bado linakusumbua mvua zikianza, au dawa ya jirani yetu Bi Mkubwa imelituliza? Huku tu wazima, mimi, mkweo na wajukuu zako. Saidi ameng'oka meno ya mbele, sasa kila akisema neno anapiga mluzi bila kutaka. Mdogo wake anatambaa mpaka mlangoni, akimwona kuku anageuza akilia. Nadhani woga huo ni wa upande wa baba yake.

Barua yako ameniletea yule mzee wa mawese anayekwenda na kurudi Kigoma. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Unasema, "Mwajuma, huko kunaungua, chukua watoto urudi nyumbani." Hujakosea, Mama. Kunaungua kweli. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe sikuwa nalo. Sasa ninalo, lakini nikikupa hivihivi utanilaumu. Acha kwanza nikusimulie jambo lililotokea hapa, jambo ambalo mpaka leo nikilifikiri nashika kifua. Ukichoka kusoma, mwambie mdogo wangu Zuhura apokee.

Uhuru ulipokuja tulicheza ngoma ufukweni mpaka kanga yangu ikapasuka. Kila mtu alikuwa ndugu ya kila mtu. Leo waasi wako milimani, askari wako barabarani, na sisi tuko katikati, ziwa likiwa mgongoni. Chumvi imeadimika, sabuni ndiyo usiseme. Lakini Mama, kinachoniogopesha kuliko risasi ni masikio. Barabarani wameweka vizuizi, huku wanaviita bariyeri, na ukifika pale hawakutazami sana usoni. Wanakusemesha, wakusikie ulimi wako umetoka wapi. Mimi nikifungua mdomo kwa Kiswahili chetu cha Ujiji wanacheka, na Mswahili kwao ni Mungwana. "Mama Mungwana, pita, weye unaongea sawa kitabu!" Nami napita, nikijua kwamba nyuma yangu yuko mtu ambaye hatachekewa.

Sasa sikiliza habari ya mitumbwi. Dagaa, ambao huku ni ndagala, sina haja ya kukufundisha. Ila uvuvi wa siku hizi hapa ni mwingine. Wanafunga mitumbwi miwili kwa miti mirefu, wakiacha nafasi katikati. Karabai zikiwashwa, ndagala wanaufuata mwanga, na wavu unainuliwa kutoka chini katika ile nafasi. Mtumbwi mmoja peke yake haufanyi kitu. Wetu umefungwa na wa Ndayizeye, Mrundi wa bonde la Ruzizi, aliyeacha mashamba ya mpunga ya baba yake huko Sange akaja kuvua. Mkewe ni Domitila. Nilipomzaa huyu mdogo nikashikwa na homa, maziwa yangu yakakauka, ni Domitila aliyemnyonyesha pamoja na wake, huyu titi hili, huyu titi lile, huku akiniimbia mimi kana kwamba mtoto ndiye mimi. Mjukuu wako, basi, ana maziwa ya bondeni mwilini.

Mitumbwi hiyo ndiyo inayolisha nyumba zetu mbili. Ikifunguliwa, wao hawana la kufanya hapa ila kuvuka kwenda Burundi, na sisi hatuna la kufanya ila kupanda chombo kuja kwako Ujiji. Ndiyo maana nilikaa na barua yako bila kujibu.

Zilikuwa siku za mbalamwezi. Wavuvi hawaendi ziwani siku hizo, kwa kuwa mwezi unazishinda karabai, na mchana wote wanaume hushona nyavu mchangani. Kashindi, kaka mkubwa wa mkweo, ambaye neno lake ndilo linalosimama ufukweni hapa, akatuita sote. Ni mtu mzito wa maneno, na siku hiyo hakutaka hata kukaa.

"Byamungu, mudogo wangu, sikia," alimwambia mkweo. Unajua alipokuja kunioa nyumbani akaitwa Yusufu, lakini kwa ndugu zake ni Byamungu tu. "Watu ya ku mulima, wale waasi, wanasema siye tunakula na adui. Kesho watakuja kuchoma manyumba. Fungula mutumbwi ya Murundi."

Mkweo akasema, "Kaka, huyu iko adui ya nani?"

"Sikusema iko adui yangu. Nimesema vile wanasema."

Mzee mmoja akaleta suluhu, na watu wakaipokea kwa kutikisa vichwa. Ndayizeye abaki, akasema, lakini aache Kirundi. Sokoni, ndani ya mtumbwi, hata nyumbani kwake, aongee kama watu wa hapa ufukweni. Na jina abadili, ajiite jina la hapahapa, na watoto vilevile. Akiulizwa kwenye bariyeri aseme yeye ni wa hapa tangu babu. Ndayizeye alikuwa ameinamia wavu wake, sindano mkononi. Hakuinua kichwa.

Hapo ndipo Shangazi Bitondo aliposimama. Huyu ni dada wa marehemu baba yao, anakaa mtaa wa Songo, na hakuna harusi wala kilio huku ambacho hakikuimbishwa naye. Ana mguu mmoja mgonjwa, lakini akianza wimbo mguu unasahau. Alitaka amani, masikini, naye alipenda watu hawa wabaki. Akapiga makofi, akaimba:

*Mulongwe inatoka ku mulima,*
*Kalimabenge inatoka na mawe yake,*
*Ruzizi inatoka mbali, mbali sana.*
*Ziwa haiulize: weye ni wa nani?*
*Ingia, mutu wa mbali, ingia.*
*Ukishaingia, uko ziwa.*

Nasi tukaitikia, "Uko ziwa, uko ziwa!" Wanawake wakasimama, mabeseni yakapigwa, hata Kashindi nilimwona anatikisa bega. Mama, nililia. Nilisema moyoni, yamekwisha, wimbo umetuponya. Nilidhani hakuna neno zuri kuliko hilo: mito yote, kila mmoja na njia yake, na ziwa moja linalopokea.

Domitila hakucheza. Alikuwa ameketi mchangani, mtoto mgongoni. Tulipotulia akainuka, akajifuta mchanga, akamwendea Shangazi na kumshika mkono kwa heshima.

"Shangazi, wimbo yako iko muzuri. Inanipenya. Lakini niulize. Nikichota maji mu ziwa, unaweza kunionesha Ruzizi iko wapi mu beseni yangu?"

Shangazi akacheka. "Mutoto wangu, nitaionesha namna gani? Imekwisha kuwa ziwa."

"Basi imekufa," Domitila akasema.

Shangazi akakaa chini mchangani. Nami nikaona kile ambacho nilikuwa nimekiitikia kwa makofi. Wimbo ule mtamu ulikuwa unasema jambo lilelile la yule mzee: karibuni, mpotee.

Kisha Domitila akaimba. Hakupiga makofi. Sauti yake ni nyembamba, ya kubembelezea watoto, na Kiswahili chake kina Kirundi ndani kama kawaida, 'minye' kwake ni 'mimi':

*Minye Ruzizi, nimekuja na udongo yangu,*
*sikunawa mbele ya kuingia.*
*Ziwa, sisemi ufanane na minye,*
*na weye usiseme nifanane na weye.*
*Muulize ndagala: munapenda wapi?*
*Watasema: si mu maji ya buluu,*
*si mu maji ya udongo.*
*Ni pale zinagusana.*
*Pale zinagusana, pale watoto wanakula.*

Mama, unakumbuka marehemu baba alivyokuwa akitukatalia. Shairi lazima vina, lazima mizani, akihesabu kwa vidole, na tukikosea anatucheka mpaka tunaona haya. Hili halikuwa na kina hata kimoja. Baba angelikataa pale mlangoni. Lakini lilipoisha, wanaume wote, mmoja baada ya mwingine, waligeuza shingo kutazama ziwa. Mimi pia nikageuka. Na lilikuwa pale! Mvua ilikuwa imenyesha bondeni, Ruzizi imejaa, na maji yake ya udongo yalikuwa yamekwenda mbali ndani ya ziwa, mekundu, na kando yake maji ya buluu, na kati yao mstari umenyooka kama mshono. Mstari huo nimeuona miaka yote niliyokaa hapa, kama ninavyouona mlango wa nyumba yangu. Kila mvuvi anajua kwamba baada ya mvua ndagala wanajaa pale, na ndipo wanaposhusha wavu. Hakutuambia hata jambo moja tusilolijua. Lakini nakuapia, kabla ya hapo sikuwa nimeliona. Sijui maneno yanafanyaje kitu hicho. Unachukua maji na samaki ambao kila mtu anawajua, unawapanga kidogo tu, na mtu mzima anasimama mchangani anatetemeka.

Usidhani kwamba walikumbatiana. Kashindi alikohoa, akasema, "Wimbo haizimishi moto." Asubuhi iliyofuata wakazikata kamba kwa panga. Mkweo alishika panga mwenyewe kwa amri ya kaka yake. Aliporudi nyumbani hakula, akalala na nguo zake za kazi. Mtumbwi wa Ndayizeye ukavutwa juu mchangani, na mahali pake wakafunga wa Kashindi, ndugu kwa ndugu, damu moja tupu.

Mwezi ulipopungua wakaenda kuvua. Na hapa nitakueleza upumbavu ambao watu wa ufukwe huu peke yao wangeweza kuufanya. Kashindi aliwakataza wasishushe wavu karibu na maji ya Ruzizi. "Hatukule mu maji ya Warundi," alisema. Hasira ilikuwa imepanda mpaka kwenye maji! Wakapiga makasia kwenda kusini, kwenye maji safi ya buluu, mazuri ya kutazama. Wakarudi na ndagala wa kufunika kiganja. Shangazi Bitondo akachungulia ndani ya beseni akasema, "Hizi hata paka ataona haya kuziiba." Wakaenda tena, yakawa yaleyale. Wakaenda tena. Watoto wakaanza kulala na uji, kisha na maji ya uji. Nikaanza kukunja nguo, Mama. Nikaziweka kwenye lile sanduku ulilonipa, nikamwambia Saidi, "Tunakwenda kwa Bibi."

Kwa Domitila nako walikuwa wanafunga mizigo. Nilikwenda kumsaidia, tukakunja mikeka pamoja.

Sasa ujue desturi ya hapa. Asubuhi wanawake tunasubiri ufukweni na mabeseni, na habari ya uvuvi tunaisikia kabla ya kuiona. Wakiwa wamepata, wanakuja wanaimba. Wakikosa, wanakuja kimya, na sisi tunainua mabeseni yetu tunarudi nyumbani kabla hawajafika, ili tusiwaaibishe. Asubuhi moja tulikuwa tumekwisha kuinama kuyachukua. Tukasikia wimbo. Tukafurahi, tukasogea majini mpaka magotini. Mtumbwi ukakaribia, nikatazama ndani. Hamna kitu. Wavu umekunjwa, karabai zimezimwa, sakafu tupu. Na watu wale wakiwa hawana hata samaki mmoja walikuwa wanaimba, makasia yakiingia na kutoka pamoja: *pale zinagusana, pale zinagusana*. Na sauti ya mbele, iliyokuwa inawaongoza wengine, ilikuwa ya Kashindi.

Nilimshika Shangazi mkono, naye alikuwa analia waziwazi.

Mkweo alinieleza baadaye. Walikuwa wanarudi wamechoka, wakapita kwenye ukingo wa maji ya udongo. Kijana mmoja wa makasia akaanza kuuvumisha ule wimbo puani, pengine hata hajui anavumisha nini. Kashindi akamkaripia, akanyamaza. Lakini makasia yalikuwa yamekwisha kuushika. Ukipiga kasia kwa mwendo ule, wimbo unarudi wenyewe. Akauanza mwingine, akakaripiwa. Kisha Kashindi akatazama upande huu wa mtumbwi maji mekundu, upande ule maji ya buluu, akasema, "Tumepita juu ya chakula ya watoto wetu." Halafu akauanza yeye.

Aliporuka mchangani swali lake lilikuwa moja. "Ndayizeye iko wapi?"

Walikuwa wameondoka alfajiri kufuata njia ya Kavimvira, kwenda mpakani. Kashindi na mkweo wakaondoka mbio, suruali zimelowa. Mimi nikamfunga mtoto mgongoni nikawafuata. Unanijua. Shangazi naye akaja na mguu wake.

Tuliwakuta kabla tu ya bariyeri, kwenye msururu wa watu wenye mizigo. Domitila alikuwa na godoro kichwani. Mbele kulikuwa na askari wanasikiliza ndimi za watu. Kashindi alimfikia Ndayizeye akiwa hana pumzi.

"Rudi," akasema.

Ndayizeye hakutua mzigo. "Nirudi niitwe nani?"

"Ndayizeye. Ningekuita nani?"

"Na nikiongea na bibi yangu mu mutumbwi, mu ufuko, niongee nini?"

"Ongea Kirundi yako. Hata mukitusengenya, tutajifunza."

Domitila akacheka chini ya godoro, cheko na kilio pamoja. Lakini askari mmoja alikuwa amesikia, akaja, bunduki begani, akawatazama Ndayizeye na watoto wake, kisha akamgeukia Kashindi. "Mzee, hawa ni watu yako?"

Jibu rahisi lilikuwa ndiyo. Ndiyo, ni wangu, ni wa hapa tangu babu, kama alivyotaka yule mzee siku ya mkutano. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Si watu yangu," Kashindi akasema. "Ni watu yao wenyewe. Lakini tunavua pamoja."

Sijui askari alifikiri nini, naye ni mtoto wa mtu, labda huko kwao pia kuna ziwa. Akatupungia mkono turudi tulikotoka.

Sitaki kukudanganya kwamba wimbo umemaliza vita. Jana tumesikia bunduki tena upande wa mlimani, na Kashindi halali kwa hofu ya wale waliotishia kuchoma nyumba. Huenda wakaja. Lakini mitumbwi imefungwa kama zamani, kwa kamba mpya. Shangazi Bitondo anamfuata Domitila kila siku ili amfundishe kutunga namna ile. Anasema yeye ameimba mito maisha yake yote na hakuwahi kuiuliza mito yenyewe. Mimi nawasikiliza nikisonga ugali, na wakati mwingine nasahau chungu jikoni mpaka kinaungua.

Basi jibu lako hili hapa. Sirudi, Mama. Nimelia kabla ya kuliandika neno hilo, na ukiona wino umetapakaa ujue si mvua. Nikija na watoto, mkweo atatufuata, hawezi kukaa bila sisi. Akitufuata mtumbwi wetu utabaki mchangani, na kamba ambayo Kashindi alikwenda kuitetea mbele ya bunduki tutakuwa tumeikata sisi. Naogopa, sikufichi. Naogopa kila jioni wanapoondoka na kila alfajiri kabla hawajasikika. Lakini ninachoogopa zaidi ni kukaa salama barazani kwako nikijua nimewaacha watu hawa wakati wa hofu. Wewe ndiye uliyenizaa, utanielewa hata kama utakasirika kwanza. Kasirika, halafu niombee.

Nisalimie kaka yangu Athumani, mshona viatu, mwambie viatu vya Saidi vimekuwa vidogo lakini havijapasuka hata kidogo. Msalimie mjomba Rajabu wa sokoni na mkewe aliyenifundisha kuoka mikate. Bi Mkubwa jirani mwambie nimeikumbuka dua yake kule bariyeri. Mkweo anakuamkia, anasema atakuletea mzigo wa ndagala kwa mkono wake njia ikifunguka. Domitila naye anakusalimu, kanilazimisha niandike kwa Kirundi chake: *amahoro*. Maana yake ni amani.

Na mdogo wangu Zuhura, ambaye bila shaka ndiye anayekusomea haya, mbusu. Umeandika kwamba kile kitanda changu umekiwamba upya kwa kamba, na kwamba hakuna anayekilalia, kinanisubiri. Mpe Zuhura alale juu yake. Amelala chini vya kutosha.

Mwanao akupendaye,
Mwajuma